"Mwandikieni Mtahini, Lakini Msiyaamini"

Sentensi hii nimeisikia mara mbili, katika miji miwili. Mara ya kwanza nilikuwa kidato cha sita mjini Jinja. Mwalimu wetu wa biolojia alifika kwenye mada ya mageuko, akaandika jina la Darwin ubaoni, akatusomea muhtasari kipindi kizima, kisha akafunga daftari na kusema: "Mwandikieni mtahini haya, lakini msiyaamini." Tulicheka. Mara ya pili ilikuwa mwaka jana mjini Mbale, nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Chama cha Kiswahili cha shule kiliandaa mdahalo kuhusu uumbaji na mageuko, nami nikaalikwa kuwa mwamuzi. Upande wa uumbaji ulishinda kwa makofi, na mwalimu aliyefunga mdahalo akaitoa sentensi ileile, karibu neno kwa neno. Safari hii sikucheka.

Makala hii inaihakiki sentensi hiyo. Sikusudii kuhukumu imani ya mtu. Mimi mwenyewe husali kila Jumapili. Ninachohoji ni kile tunachowafundisha wanafunzi tunapowaambia waandike wasichokiamini ili wapate alama.

Nianze na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yetu sisi wanafunzi wa lugha. Katika mdahalo ule, hoja iliyopigiwa makofi mengi zaidi ni kwamba mageuko ni "nadharia tu". Kiswahili chetu cha kila siku kinaibeba hoja hii kuliko inavyostahili. Tumezoea kusema "nadharia na vitendo", na mtu akiambiwa ni wa nadharia, maana yake ni msemaji asiyetenda. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yanayounganisha mambo mengi yaliyochunguzwa na kupimwa. Kwamba vijidudu huleta magonjwa nayo ni nadharia, lakini sikumwona msemaji hata mmoja aliyejitolea kunywa maji ya mto Nabuyonga bila kuyachemsha.

Neno la pili ni "nyani". "Je, babu yako alikuwa nyani?" aliuliza msemaji mmoja, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sayansi haisemi hivyo. Nyani yupo leo kama sisi tulivyopo. Inachosema ni kwamba sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Hata hivyo, hasira iliyojificha ndani ya kicheko kile naielewa. Mwaka 1906 kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika banda la nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili watu wamtazame. Mwafrika akisikia "mtu" na "nyani" katika sentensi moja, ana sababu ya kushtuka. Lakini uovu ule ulikuwa wa ubaguzi. Mababu hao wa kale ni wa wanadamu wote, wakiwemo wale waliokwenda kumkodolea macho Ota Benga.

Neno la tatu ni "binadamu" lenyewe. Limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mwana wa Adamu. Kila tusemapo "mageuko ya binadamu", tumeyataja masimulizi yote mawili kwa pamoja. Ikiwa lugha imeweza kuyabeba, sioni kwa nini mwanafunzi ashindwe kuyasikiliza yote kwa makini.

Sasa tutazame kile tulichonyimwa. Mama yangu anauza samaki Masese, kando ya ziwa mjini Jinja. Nimekula nkejje tangu utotoni, wale samaki wadogo ambao Watanzania huwaita furu. Wataalamu wanasema Ziwa Victoria lilikuwa limekauka na kujaa tena miaka kama 15,000 iliyopita, na humo wamehesabu aina za nkejje zaidi ya 500. Wengine wana taya za kuvunjia konokono, wengine meno ya kukwangulia mwani kwenye mawe, wengine hula mayai na vifaranga vya wenzao. Kituo cha utafiti wa samaki kilianzishwa Jinja mwaka 1947, na katika miaka ya 1950 Humphry Greenwood aliwachunguza samaki hao akiwa hapohapo mjini. Mimi nilisoma karibu na ziwa hilo miaka sita, na mfano pekee niliopewa ulikuwa wa twiga wa kuchorwa anayerefusha shingo.

Mfano wa pili unaniuma zaidi. Mdogo wangu ana selimundu. Nyumbani baadhi ya ndugu walisema ni laana ya upande wa mama, na mama alilibeba neno hilo kwa miaka. Mtu akirithi jeni ya selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili, huugua. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haugui, tena hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo haikutoweka katika nchi zenye malaria: wabebaji walipona, wakazaa. Anthony Allison aliuonyesha uhusiano huo mwaka 1954 kwa utafiti uliofanyika Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo. Huo ni uteuzi asilia, mada ileile ya daftari lililofungwa. Laiti ningefundishwa vizuri, ningemwambia mama mapema kwamba hakuna aliyemlaani, na kwamba baba naye ni mbebaji.

Mwaka 2006 nchini Kenya, Askofu Boniface Adoyo alipinga jinsi Makumbusho ya Taifa yalivyokusudia kuonyesha visukuku, yakiwemo mabaki ya Mvulana wa Turkana yaliyogunduliwa mwaka 1984. Sikubaliani naye, lakini alisema hadharani na akajibiwa hadharani. Mwalimu wetu anaificha mifupa hiyohiyo kimyakimya, huku akidai ameifundisha. Kwa njia hiyo imani nayo hupata hasara, kwa sababu mtoto hujifunza kwamba mbele ya mtahini inaruhusiwa kusema usichokisadiki. Papa Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa mwaka 1996, alikiri kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, na hakuacha kusali.

Mimi nitakuwa mwalimu wa Kiswahili, si wa biolojia. Lakini midahalo ya shule hutuangukia sisi. Nikialikwa tena kuwa mwamuzi, nitaomba mada ibadilishwe iwe: "Kwa nini nkejje wa ziwa moja wana midomo tofauti?" Kila upande ulete maelezo yake, na samaki wawepo mezani. Makofi yasubiri hadi watakapokuwa wamewatazama.