Kumbukumbu ya Mtoto Aliyezaliwa Amechoka, na Namna ya Kuipima

Mkoani Simiyu mtu haendi darasani kujifunza kutenganisha pamba safi na pamba fifi. Jicho likishazoea, linatosha. Kumbukumbu za muuguzi nazo zinataka jicho la namna hiyo, ila waliofundishwa kulitumia ni wachache. Msimamizi anafika kutoka wilayani, anafungua kitabu cha MTUHA namba 12, kile cha kuandikia uzazi, anaona nafasi zimejazwa na mwandiko unasomeka, anatia saini, anaondoka. Kitabu kilichojaa kinaweza kuwa hakisemi kitu.

Nimemchagua mtoto mchanga kuwa mfano kwa sababu katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini, iwe Mwamanyili au kata nyingine yoyote ya Busega, uhuishaji unaofanyika mara nyingi ni wake. Unafanyika usiku, mkunga akiwa peke yake au na mhudumu mmoja, huku mama bado anahitaji kuangaliwa asivuje damu. Anayeandika ndiye huyo huyo anayebonyeza ambu, mfuko wa kumpa mtoto hewa. Ukisahau hilo utakuwa msomaji mkatili, tena mjinga.

Tazama kwanza maandishi haya mawili niliyoyatunga kwa ajili ya somo. La kwanza: “Mtoto alizaliwa amechoka, alisaidiwa, akalia. Apgar 8/10.” La pili: “02:14 amezaliwa, wa kiume, amelegea, halii. Amekaushwa, amesuguliwa mgongo. 02:15 hapumui, ambu imeanza. Kifua hakipandi, kichwa kimewekwa upya, sasa kinapanda. 02:16 mapigo 80. 02:18 mapigo 120, anavuta pumzi moja moja. 02:21 analia, ambu imesimamishwa.” Yote mawili yanaishia kwenye kilio, lakini ni la pili tu linalomwezesha mkunga wa zamu ya asubuhi kujua amwangalie mtoto huyu kwa ukaribu kiasi gani.

Anza na saa, na uikague kwa uchoyo. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, waangalizi waliofunzwa walisimama kando ya wakunga na kupima muda wa kila hatua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa hewa mtoto asiyepumua ziliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua nayo yanasisitiza Dakika ya Dhahabu: kabla sekunde 60 hazijaisha, mtoto awe anapumua mwenyewe au anapewa hewa. Maandishi yanayosema tu “alisaidiwa mapema” yametupa kipimo chenyewe.

Saa zinazoishia na sifuri na tano mfululizo, 02:10, 02:15, 02:20, zinanitia shaka. Matukio hayaji kwa foleni ya namna hiyo. Mara nyingi mtu amekaa baadaye na kugawa muda kwa makisio. Shaka kubwa zaidi huja pale mtoto anapoanza kupewa hewa saa 02:11 ilhali amezaliwa saa 02:14. Aliyeandika hivyo si mwongo. Alitazama saa ya ukutani wakati wa kuzaliwa na simu yake wakati wa ambu, na saa hizo mbili hazijawahi kupatana. Dawa ni betri, na mtu wa kuilinganisha saa ya ukutani kila Jumatatu.

Kuna mtego mwingine ambao vitabu vya kigeni havitakuonya juu yake, kwa kuwa ni wetu. Mkunga anayefikiri kwa Kiswahili saa nane na dakika kumi usiku anaandika 8:10. Msomaji wa mchana anaona asubuhi, zamu ikiwa imeshabadilika, na lawama inamwangukia mtu aliyekuwa bado njiani kuja kazini. Kumbukumbu nzuri inaandika 02:10, bila ubishi. Ukiona mifumo miwili imechanganywa kwenye ukurasa mmoja, usijaribu kuisuluhisha kichwani mwako, mtafute aliyeandika.

Kwenye mapigo ya moyo, shaka ile ya namba zinazoishia na sifuri inageuka. Mkunga anashika kitovu, anahesabu kwa sekunde 6, anazidisha kwa 10. Basi 60, 80, 120 ni namba za kweli kabisa, na 83 iliyoandikwa mahali pasipo na mashine yoyote ndiyo ya kuulizia. Wasimamizi wengi hulikosea hili: wanasifu namba zenye kuonekana za kitaalamu na kuzitilia shaka zile zilizotoka kwenye vidole. Kikubwa ni kuwa mapigo yameandikwa zaidi ya mara moja, na kila yanapobadilika kuna tendo lililotangulia au kufuata. Mapigo 80 yakifuatwa na kimya cha dakika sita, kumbukumbu imekatika palepale ilipohitajika.

Sasa Apgar. Daktari Virginia Apgar wa New York aliibuni mwaka 1952, vipengele vitano, kila kimoja sifuri hadi mbili, na tangu hapo imekuwa namba inayojazwa kwa mazoea kuliko zote wodini. Fanya hesabu ndogo. Mtoto ambaye katika dakika ya kwanza hapumui na amelegea amepata sifuri kwenye kupumua na sifuri kwenye misuli. Hata vipengele vitatu vilivyobaki vikipewa alama zote, jumla haizidi 6. Kwa hiyo ukikuta “ambu dakika 4” na, mstari huo huo, Apgar 9 ya dakika ya kwanza, moja kati ya hayo halikutokea. Pitia pia ukurasa mzima: watoto kumi na watano wote wakiwa na 8 na 10, hujasoma alama bado, umesoma muhuri.

Sehemu nzito kuliko zote ni ya mtoto ambaye hakulia. Kitabu kinataka kujua kama alizaliwa hai akafa, au alizaliwa mfu; na kama alizaliwa mfu, ngozi ilikuwa nzima au imeshaanza kuchubuka. Yule wa ngozi nzima, wauguzi humwandika FSB. Hapo ndipo makosa hujificha, maana mtoto asiyelia, asiyesogea, mwenye mapigo hafifu ambayo hakuna aliyeyatafuta, huishia kwenye safu hiyo. Mafunzo niliyoyataja yalipoanza katika hospitali nane za Tanzania kuanzia mwaka 2009, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47, na pamoja navyo watoto walioandikwa FSB walipungua kwa asilimia 24. Ambu haimfufui aliyekufa tumboni. Punguzo hilo la pili linaashiria kwamba baadhi ya waliokuwa wakiandikwa wafu walikuwa na uhai.

Kwa hiyo kila FSB ninaisoma nikitafuta mambo mawili: mapigo ya mwisho ya mtoto kwenye patografu, ile chati ya uchungu, pamoja na saa yake, na maneno yanayothibitisha kuwa moyo ulisikilizwa baada ya kuzaliwa. Kama patografu inaonyesha 130 nusu saa kabla, na baada ya hapo hakuna chochote ila herufi tatu, kifo hicho kinastahili kikao cha mapitio. Ambako juhudi zilifanyika na kushindwa, saa ya kusimamisha iandikwe pamoja na sababu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012 unaruhusu kusimamisha iwapo hakuna mapigo baada ya dakika 10 za kupewa hewa ipasavyo. Neno “ipasavyo” linadai ushahidi: kifua kilipanda?

Kuhusu usafi wa karatasi, nina maoni yasiyopendwa sana. Kipande cha boksi la glovu chenye saa nne zilizokwaruzwa kwa peni na doa la damu ni hati bora kuliko ukurasa mweupe ulioandikwa alfajiri kwa kumbukumbu ya kichwa. Kinakiliwe kwenye faili, na juu yake iandikwe wazi: “Imeandikwa saa 03:40, baada ya tukio.” Kosa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha neno la zamani lisomeke, na jina la aliyekata. Wino mweupe wa kufutia usiwepo kabisa wodini.

Mtoto akipewa rufaa, huduma ya usafiri wa dharura ya m-mama ikapigiwa 115 na gari likaja, barua ya rufaa ndiyo sehemu pekee ya kazi hiyo ya usiku itakayomfikia daktari. Hapa kipimo ni rahisi. Waulize wanaopokea, kituoni au hospitali ya mkoa mjini Bariadi, huwa wanalazimika kupiga simu kuulizia nini. Kama kila mara ni dakika alizokaa bila kupumua na kama amepewa sindano ya antibayotiki, andika maswali hayo mawili kwa herufi kubwa na uyabandike juu ya meza ya ambu.