Utani Kando, Umekula?

Siku niliyoacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, sikumwambia mamangu. Niliwaambia watu elfu moja na mia mbili nisiowajua. Nilikuwa nimekaa kwa ngazi za hosteli na begi mbili, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, nangoja msee wa pikapiki aliyekuwa ameniambia "niko hapo kwa kona" tangu saa nne asubuhi. Nikatoa simu nikaandika kwenye Twitter kwamba nimehitimu mapema, kwa heshima za juu kabisa, katika taaluma ya kudaiwa karo.

Dakika tano hazikuisha. Mmoja akauliza mahafali ni lini ndio apeleke suti kwa dobi. Mwingine akasema godoro langu lina masomo kuniliko, kwa vile limelaliwa na wasomi kabla yangu. Wa tatu akanishauri nitie ile barua ya deni kwa fremu niitundike kwa sebule, wageni wasome kwa mbali. Nilicheka peke yangu pale kwa ngazi kama mwendawazimu. Mwenye pikapiki alipofika alinipata natabasamu, akadhani nimepata kazi.

Usiku, yule wa suti akanitumia ujumbe wa siri. Maneno matatu: "Utani kando, umekula?"

Nikamwambia ukweli. Mia tatu ikaingia M-Pesa, ikafuatwa na mstari mwingine: "Hii si HELB, usijifiche ukiniona." Mpaka leo sijawahi kumwona. Sijui hata kama ni mwanamume au mwanamke. Picha yake ilikuwa ya mbuzi amevaa miwani.

Nimeandika uhakiki wa vitabu kwa miaka michache sasa, na mara nyingi nikimaliza hujiuliza mbona hakuna anayehakiki maandishi tunayosoma zaidi. Wengi wetu tulio chini ya miaka thelathini hatujasoma riwaya tano mwaka huu, lakini tumesoma mizaha elfu kumi. Wazee wana neno moja tu kuhusu hiyo mizaha: kizazi hiki hakina makini, kila kitu ni kucheka. Nataka kuichukua shutuma hiyo kwa uzito, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ni ile nusu nyingine inayonikera.

Tuanze na sifa. KOT, yaani Wakenya wa Twitter (jukwaa liligeuzwa jina likawa X mwaka 2023, lakini nani ana muda wa kubadilisha jina la ukoo?), walijulikana duniani kwa vita. Machi 2012, baada ya shambulio la guruneti katika kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi, CNN ilionyesha habari ile kana kwamba nchi nzima inawaka. Watu wakaanzisha #SomeoneTellCNN. Julai 2015, siku chache kabla ya Obama kuja, CNN hiyo hiyo ikaiita Kenya kitovu cha ugaidi. Hashtegi ikafufuka, safari hii kwa kejeli tupu: lile neno lao likageuzwa na kuchezewa hadi likakosa meno. Agosti, mkubwa mmoja wa CNN, Tony Maddox, alipanda ndege akaja Nairobi kumwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta.

Tulifurahi, na tukajifunza somo baya. Tuliamini kwamba sisi ni jeshi. Tangu hapo kila mgeni anayetukosea anatishwa na KOT, kama mtoto anayetishwa na mbwa wa jirani. Nikisoma tena mizaha ile ya 2015 naona mingi ni ya kawaida tu, mikali lakini haina ndani. Ni rahisi kumcheka mtu aliye Atlanta, maana hatakuja kwa matanga yako wala wewe hutaenda kwa yake.

Mizaha yetu bora ni ile tunayotupiana wenyewe kwa wenyewe, na hiyo haikuzaliwa kwa simu. Ilizaliwa kwa mchongoano. Aliyesoma shule yoyote ya msingi Nairobi anajua kuhusu duara nyuma ya vyoo, wasee wawili katikati, wengine wakishangilia. "Kwenu ni kudogo hadi jua likitaka kuingia, lazima mmoja wenu atoke nje." Lakini kuna kanuni ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha na sote tuliijua: chumvi ndiyo kinga. Kwenu hakuwezi kuwa kudogo kiasi hicho, kwa hivyo hakuna aliyeumia. Siku mtoto mmoja darasani kwetu alipomchongoa mwenzake kuhusu babake, na babake kweli alikuwa amefungwa, duara lilinyamaza. Hakuna aliyecheka. Mchongoano uliokuwa kweli haukuwa mchongoano tena, ulikuwa tusi.

Nyuma ya mchongoano kuna kitu cha kale zaidi, utani. Wanaojua zaidi ni majirani zetu wa Tanzania. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kuingia matangani akamwigiza marehemu jinsi alivyotembea, akamdai deni la uongo, akawachekesha waliofiwa huku machozi hayajakauka. Mgeni akiona atasema hawa watu hawana heshima. Hajaona upande wa pili: mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe kaburini, ndiye anayebeba kazi ambazo wafiwa hawana nguvu nazo. Ruhusa ya kucheka ameilipia kwa mgongo wake.

Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza. Kabla ya kuuliza kama mzaha unachekesha, uliza kama aliyeutoa angekuja kushika jembe. Yule mbuzi wa miwani alikuwa mtani. Alinicheka mchana hadharani, usiku akaja kimya kuuliza nimekula nini.

Ukipima hivyo, Juni 2024 inasomeka vizuri zaidi kuliko walivyoisoma wachambuzi wengi wa televisheni. Wao waliona hasira. Sisi tuliokuwa ndani tuliona hasira na vichekesho vikitembea pamoja kama makanga na dereva. Chukua jina la Zakayo alilobandikwa Rais Ruto. Zakayo wa Injili ya Luka ni mkuu wa watoza ushuru, mfupi, aliyepanda mti. Umati ukaimba ashuke. Kama mhakiki, napenda jina hili kwa sababu hadithi yake haiishii kwa mti. Zakayo anashuka, anatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Vijana walioambiwa hawana dini walichagua tusi lenye mlango wa toba ndani yake. Hiyo si kejeli ya mtu aliyekata tamaa.

Na jembe lilikuwepo. Watu walifafanua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wengine kwa lugha za mama zao ili shosho kijijini aelewe. Wakili aliweka namba yake. Daktari aliweka namba yake. Mtu alipigwa risasi ya mguu, na kabla ya jioni namba ya mchango ilikuwa imezunguka, hamsini hamsini, mia mia, kutoka kwa watu waliokuwa wamechongoana vibaya wiki iliyotangulia kuhusu ugali na chapo. Kisha ikaja Juni 25, siku waandamanaji walipoingia Bunge. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu waliokufa 39 kufikia Julai 1. Usiku ule wa tarehe 25 sikumbuki mzaha hata mmoja. Nakumbuka watu wakiandikiana "umefika kejani?" na wengine wakijibu "nimefika", neno moja, halafu kimya. Siku mbili tatu baadaye mzaha wa kwanza ulitoka, mdogo tu, wa kubahatisha, kama mtu anayejaribu maji ya bafu kwa kidole cha mguu. Ulikuwa kuhusu mwandamanaji aliyepoteza kiatu kimoja akikimbia na sasa anauliza kama kuna aliyepoteza cha upande wa pili, namba nane. Niliusoma mara kadhaa. Ulikuwa unatuambia kwamba aliyeandika yuko hai, na ana miguu miwili.

Sasa niseme ubaya, maana uhakiki usio na ubaya ni tangazo.

Ubaya wa kwanza kila mtu anaujua ila hatuutaji. Wanawake wakisema kitu kwenye jukwaa lile, mara nyingi wanachopata hakina chumvi wala kinga. Wanaitwa majina, picha zao zinachimbuliwa, na tukikemewa tunasema "ni jokes tu". Kwa kipimo changu hilo linaanguka mara moja. Hakuna jembe, hakuna ruhusa. Duara lingenyamaza kama lingekuwa la watoto wa darasa la sita.

Ubaya wa pili ni mgumu zaidi, na ndio ulionifanya niandike makala haya. Mzaha ukishakuwa lugha yetu yote, unakosa namna ya kusema kwamba sasa hutanii.

Kulikuwa na jamaa tuliyemfuata wengi wetu. Alikuwa mchekeshaji hatari, wa mistari mifupi. Mada yake ilikuwa usingizi. Aliandika kwamba anatafuta kazi ya kulala, ana uzoefu. Akaandika kwamba kitanda chake kimeanza kumdai kodi. Baadaye akaandika kwamba anataka kulala hadi Kenya iwe nchi iliyoendelea, tusimwamshe. Tulicheka. Mimi mwenyewe nilijibu kwamba akiamka amsalimie Yesu, atakuwa amesharudi. Nilipata kopa nyingi kwa jibu hilo.

Kisha akapotea siku kumi na moja.

Siku ya tano mtu aliuliza yuko wapi. Wengine wakajibu kwa mizaha, ati amepata ile kazi ya kulala. Siku ya nane mmoja aliyewahi kukutana naye ana kwa ana alienda hadi mtaani kwao. Sitasema alimpata katika hali gani, si hadithi yangu. Alimpata akiwa hai. Hilo linatosha.

Nilirudi nikasoma maandishi yake yote ya miezi mitatu, kama unavyorudia riwaya baada ya kujua mwisho. Hayakuwa yamefichwa. Mtu alikuwa ameandika jambo lile lile mara arobaini, na sisi tukampa alama za ucheshi. Chumvi niliyosema ndiyo kinga ya mchongoano, hapa ilikuwa kinga yetu sisi wasomaji, tusilazimike kuamini.

Na kabla hujauliza mbona hakusema waziwazi, kumbuka alikuwa nchi gani. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Ni Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, aliyesema wazi kwamba alijaribu alikuwa anakiri hatia. Mchungaji atakukemea, OCS atakufungia, mamako atalia. Utani ulikuwa mahali pekee ambapo ungeweza kulisema ukabaki na njia ya kulikana. Kwa hivyo siwezi kukubaliana na wazee kwamba tunacheka kwa sababu hatuna makini. Wengine wetu tulicheka kwa sababu hatukuachiwa lugha nyingine. Walipokosea wazee ni kwa sababu. Waliposema kweli ni kwamba kicheko kinaweza kuziba masikio.

Sitaki mizaha ipungue. Ningekuwa mnafiki, mzaha ndio ulionitoa kwa ngazi zile za hosteli. Ninachotaka ni tusome vizuri zaidi. Msomaji mzuri wa ushairi huona neno likirudi rudi na kujiuliza mbona. Tuwe hivyo kwa wenzetu. Msee akichekesha kuhusu njaa mara moja, cheka. Akichekesha kuhusu njaa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, cheka halafu mfuate inbox.

Yule jamaa alirudi siku ya kumi na mbili. Aliandika kwamba alikuwa amezima simu ili ipumzike. Chini yake yalijaa majibu mia na kitu, na karibu yote yalikuwa mizaha. Mmoja akamwambia kodi ya kitanda imepanda akiwa hayupo. Mwingine akamwambia Kenya bado haijaendelea, ameamka mapema. Aliyajibu moja baada ya jingine, kwa ukali ule ule wa zamani.

Mimi sikuandika kitu hapo. Nilifungua ujumbe wa siri nikamwandikia maneno matatu niliyoyaazima kwa mbuzi. Alikaa saa mbili bila kujibu. Halafu akaandika: "Bado. Unalipa?"

Nikatuma mia tatu. Nikamwambia si HELB.