Udongo wa Ziwa na Ghorofa za Mexico City

Zilzala iliyoupiga mji wa Mexico City tarehe 19 Septemba 1985, yapata saa moja na robo asubuhi, haikuzuka chini ya mji huo, bali chini ya pwani ya Pasifiki, masafa ya zaidi ya kilomita 350. Na ilipowasili ilikuwa imefifia, hata vipimo vya Chuo Kikuu cha Taifa, kilichojengwa juu ya ardhi ngumu, vilionyesha mtikisiko usiozidi asilimia 4 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Lakini kilomita chache kutoka hapo, juu ya matope ya ziwa la kale la Texcoco, kipimo kilifika asilimia 17, na maelfu ya watu walihiliki.

Udongo ule ni mfinyanzi laini mno, uliojaa maji kupita kiasi. Wahandisi wana kanuni sahali ya kupata muda wa mtikisiko mmoja wa udongo: kina cha tabaka laini huzidishwa kwa 4, kisha hugawanywa kwa kasi ya mawimbi ndani yake, kwa hiyo mita 40 za mfinyanzi, ambamo wimbi hupita mita 80 tu kwa sekunde, hwenda na kurudi mara moja kila sekunde 2. Manahodha waijua hatari ya miendo miwili kulingana, kwani wimbi la wastani likifuatana sawasawa na mrama wa chombo hukiyumbisha kuliko wimbi kubwa la ghafula.

Sasa, muda wa jengo kuyumba mara moja, kwenda na kurudi, hukadiriwa sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila ghorofa, na kwa hesabu hiyo yangeanguka majengo ya ghorofa 20, yanayolingana na ardhi. Kumbe yaliyoangamia zaidi yalikuwa ya ghorofa 6 hadi 15. Hapa ndipo vifaa vya ujenzi vinapotoa ushahidi wao. Zege likipasuka, na kuta za matofali zilizojazwa baina ya nguzo zikibomoka, jengo hulegea, na mwendo wake huzidi kuwa wa taratibu. Basi jengo lililoanza na sekunde 1 lilisogezwa na kila ufa kuelekea zile sekunde 2 za ardhi, nayo ardhi haikuacha kutikisika upesi. Sakafu bapa zisizo na mihimili zilitobolewa na nguzo zao wenyewe, na nguzo ambazo nondo zake zilifungwa kwa pete chache zilipasuka zikamwaga zege.

Nyumba fupi za mawe na matofali, kwa ugumu wake, nyingi zilisalimika. Vilevile Torre Latinoamericana, mnara wa fremu ya chuma uliomalizika mwaka 1956, wenye ghorofa 44 na misingi iliyozamishwa hadi tabaka imara, uliyumba taratibu kuliko ardhi yenyewe, ukabaki wima.

Kwa hiyo naona si insafu kulilaumu zege peke yake, wala udongo peke yake. Kanuni za ujenzi za mwaka 1987 ziliyatazama yote mawili: zilikaza masharti ya kufunga nondo, na kwa eneo la ziwa zikapandisha mgawo wa nguvu za zilzala kutoka 0.24 hadi 0.40.