Kasisi Ndani ya Dirii ya Chuma: Baraka na Vita katika Riwaya Mbili za Angani

Utangulizi

Huenda wasomaji wa kurasa hizi wakashangaa kuona riwaya za vita vya angani zikijadiliwa mahali ambapo wamezoea kukuta ufafanuzi wa Maandiko na historia ya Kanisa. Fasihi ya namna hii, isimuliayo mitambo na safari ambazo sayansi haijazifikia, mara nyingi huhesabiwa kuwa burudani ya vijana tu. Hata hivyo riwaya moja miongoni mwake, Starship Troopers ya Mmarekani Robert A. Heinlein, iliyotolewa mwaka 1959, haikubaki mikononi mwa vijana. Ilipata tuzo ya Hugo mwaka 1960, na baadaye ikaingizwa katika orodha ya vitabu ambavyo kikosi cha Marine cha Marekani kiliwashauri askari wake kuvisoma. Kitabu kinachosomwa na watu ambao kazi yao ni kuua na kuuawa kwa kweli hakistahili kupuuzwa. Zaidi ya hayo, katika sura yake ya kwanza yumo kasisi. Ni kwa ajili ya kasisi huyo makala haya yameandikwa.

Swali letu ni hili: mtumishi wa Mungu anapombariki askari aendaye vitani, anabariki nini? Nitajaribu kwanza kumsikiliza Heinlein kwa haki, kisha kuipima sura hiyo ya kwanza kwa kipimo chake yenyewe, na mwisho kuiweka riwaya yake kando ya The Forever War ya Joe Haldeman, iliyotolewa mwaka 1974, ambayo wengi wameisoma kama jibu kwake.

Dirii na mtu aliyemo

Msimulizi wa Heinlein ni Juan Rico, kijana ambaye lugha ya nyumbani kwao, kama tunavyojulishwa karibu na mwisho wa kitabu, ni Kitagalogi cha Ufilipino. Baba yake ni mfanyabiashara tajiri asiyetaka hata kusikia habari za jeshi. Kijana anajiandikisha kinyume cha mapenzi ya baba, naye anapangwa katika askari wa miguu. Lakini askari hawa wa miguu si wale tunaowajua. Kila mmoja huvaa dirii ya mitambo inayomfanya aonekane kama sokwe mkubwa wa chuma. Akinyanyua mkono, dirii huunyanyua mkono wake wa chuma kwa nguvu nyingi zaidi. Akiruka, huvuka paa za nyumba. Hurushwa kutoka katika chombo cha angani, kila mtu ndani ya kasha lake, na wakifika chini platuni moja hutawanyika katika eneo ambalo zamani lingehitaji jeshi kubwa.

Jambo ambalo Heinlein analisisitiza ni kwamba dirii hiyo haihitaji kuendeshwa. Inafuata mwili wa aliyeivaa, hivyo akili yake inabaki huru kutazama, kusikiliza na kuamua. Hapa pana hoja ya maadili. Kuruta mmoja anamwuliza Sajini Zim kwa nini wajifunze kutumia kisu ilhali yapo mabomu yanayoweza kuteketeza mji mzima. Zim anamjibu kwa mfano wa mtoto mtukutu: aadhibiwaye hakatwi kichwa. Vita, kwa maelezo yake, si kuua kwa ajili ya kuua, bali ni nguvu iliyopimwa kulingana na kusudi la serikali. Ndiyo maana lazima awepo mtu mahali penyewe, mwenye macho na akili, awezaye kupima.

Wako wahakiki waliomwita Heinlein mtetezi wa udikteta wa kijeshi. Nadhani wamefanya haraka. Ni kweli kwamba katika dola yake kura hupigwa na wale tu waliomaliza utumishi. Lakini askari aliye bado kazini hapigi kura, hakuna anayelazimishwa kujiunga, na aliyejiunga anaweza kuacha hata dakika ya mwisho kabla ya kurushwa. Tukitaka kumpinga, hatuna budi kumpinga pale alipo na nguvu.

Dakika tano za kasisi

Nguvu yake iko hapa. Kabla ya shambulio linalofungua kitabu, sajini anawapa watu wake dakika tano za kuonana na kasisi wao, Migliaccio. Wanapiga magoti mbele yake Waislamu, Wakristo, Wayahudi na wengineo. Rico anaeleza kwamba amesikia habari za majeshi ya zamani ambayo makasisi wao hawakupigana, naye haelewi jambo hilo liliwezekanaje, kwa maana mtu atabarikije kitendo ambacho yeye mwenyewe hayuko tayari kukitenda? Katika kikosi chake kila mtu hushuka na kila mtu hupigana, kuanzia kasisi hadi mpishi.

Sisi wachungaji tusilipite neno hili upesi. Historia ya Kanisa inao watumishi wengi waliobariki silaha kisha wakarudi kulala. Aliyebariki kutoka mbali ameliazima jina la Mungu bila kulipa gharama yoyote. Migliaccio hakufanya hivyo. Anakwenda kwa Rico, ambaye hakujitokeza kwa kuogopa wenzake wasimwone akitetemeka, anaigusisha chapeo yake na chapeo ya kijana ili wasisikiwe na wengine, na kumwambia afanye kazi yake wala asitafute nishani. Kisha anaongeza maneno ya upole katika lugha ambayo Rico haifahamu. Kama picha ya uchungaji, ni nzuri: mchungaji amemfuata mwoga mahali alipo, tena amemwonya juu ya majivuno.

Ukumbi uliojaa watu

Tuendelee basi na sura hiyo hiyo. Kikosi kinashuka katika mji wa viumbe ambao askari huwaita kwa dharau "wembamba". Amri ni kuharibu mali na kutia hofu, na kuua pale tu isipowezekana vinginevyo. Katikati ya mbio zake Rico anapenya ukuta na kujikuta katika ukumbi mkubwa uliojaa viumbe hao. Hajui ni mahali gani. Anakisia kwamba huenda si nyumba ya ibada, kwa kuwa mmoja wao amemfyatulia risasi. Anatupa bomu na kuruka. Bomu hilo limetengenezwa kwa namna ya pekee: linapiga kelele kwa lugha ya wenyeji, likitangaza kwamba litalipuka baada ya sekunde 30, kisha linahesabu kurudi nyuma. Rico anakiri kwamba ingekuwa huruma zaidi kumpiga mtu risasi, na anapoondoka anajiuliza iwapo watapata milango na madirisha ya kutosha kutokea.

Haambiwi, wala sisi hatuambiwi. Simulizi linakimbilia kwa askari mwenzao Flores aliyejeruhiwa. Wenzake wanarudi kumchukua katika hatari kubwa, naye anafia njiani.

Naomba msomaji aziweke sehemu hizi tatu pamoja. Askari anapewa baraka kwa lugha asiyoijua. Adui anasemeshwa kwa lugha yake mwenyewe, lakini anayemsemesha ni bomu. Askari mmoja aliyejeruhiwa anafuatwa kama kondoo aliyepotea, lakini umati wa ukumbini hauna wa kuurudia. Kwa kipimo cha kitabu chenyewe, hapa ndipo dirii ilipaswa kuonyesha faida yake. Mtu mwenye macho na akili alikuwapo mahali penyewe, ndani ya chumba, akitazama nyuso. Akafanya yale ambayo bomu lililorushwa kutoka mbali lingefanya, tofauti ikiwa ni sekunde 30.

Wala kosa si la Rico peke yake. Shuleni alifundishwa na Kanali mstaafu Dubois kwamba maadili yote huchipuka kutoka katika silika ya kuishi, silika ambayo hukua kutoka nafsi hadi jamaa, hadi taifa, hadi wanadamu wote. Mafundisho hayo yanaweza kuzaa ushujaa mkubwa. Katika chuo cha maofisa wanafunzi wanaulizwa kama mateka mmoja tu aliyezuiliwa ni sababu ya kutosha ya kuanza vita, na jibu linalotarajiwa ni ndiyo. Mtu aliyeipenda mithali ya kondoo mmoja na wale 99 ataguswa na jibu hilo. Lakini duara la Dubois lina mpaka, na nje yake hakuna jirani. Mwanasheria wa Luka 10 aliuliza jirani yake ni nani. Katika dola ya Heinlein swali hilo limekwisha kujibiwa kabla halijaulizwa.

Mwandishi amejilinda kwa kumchagua adui mkuu ambaye hawezi kuzungumza naye, yaani Wadudu, ambao askari wao hutii bongo zilizojificha ardhini. Mtu hahitaji kutubu kwa kumwua mdudu. Lakini wale wembamba wameuharibu mpango wake. Tunajulishwa kwamba baadaye waliwaacha Wadudu na kujiunga na upande wa wanadamu. Kumbe walikuwa watu wa kuzungumza nao! Waliokuwa ukumbini wangeweza kuwa washirika. Heinlein analitaja jambo hilo kama habari ya kivita na kuendelea. Harudi kamwe kwenye ukumbi ule. Hilo nalihesabu kuwa kasoro kubwa ya riwaya hii, kwa upande wa sanaa na kwa upande wa maadili pia. Imefungua mlango ambao haina ujasiri wa kuuingia.

Dirii ya moyoni

Heinlein alihitimu chuo cha wanamaji mwaka 1929 na kuachishwa utumishi mwaka 1934 kwa sababu ya kifua kikuu; hakupata kupigana vitani. Haldeman aliandikishwa jeshini mwaka 1967, akapelekwa Vietnam na kujeruhiwa. Dirii zipo pia katika riwaya yake, lakini zinawaua kwanza wale wanaozivaa: mazoezini, kosa dogo la mtu ndani ya nguvu kubwa namna ile ni kifo. Naye William Mandella, msimulizi wake, hakujitolea bali aliandikwa kwa sheria.

Katika shambulio la kwanza juu ya Watauran, Haldeman anaonyesha jambo ambalo Heinlein hakuligusa. Askari wamepandikizwa akilini picha za uongo za ukatili wa adui. Sajini anapotamka maneno maalumu, picha hizo zinaamka. Mandella anajua kabisa kwamba ni za uongo, na bado damu yake inachemka na mikono yake inaua viumbe ambao hawajui hata namna ya kujitetea. Kwa hiyo mtu aliyemo ndani ya dirii si huru kama Zim alivyodhani. Kabla ya kuvikwa chuma mwilini amevikwa chuki moyoni, na hiyo ni ngumu zaidi kuivua.

Vita hivyo vinaendelea kwa miaka 1,143. Hatimaye wanadamu na Watauran wanapoweza kusemezana, swali la kwanza la Watauran ni kwa nini wanadamu walivianzisha. Inabainika kwamba vilianza kwa kisingizio, vikaendelea kwa sababu hapakuwa na aliyeelewa lugha ya mwenzake.

Swali la Assa von Kram

Swali la nani aliyeanza linaturudisha kwenye maandishi ambayo wanafunzi wetu wanayajua. Mwaka 1526, mwaka mmoja baada ya vita vya wakulima, Martin Luther alimwandikia askari Assa von Kram aliyesumbuliwa na swali kama askari naye aweza kuokolewa. Luther hakumfukuza. Alitofautisha kazi na mtu aifanyaye, akailinganisha kazi ya askari na ya tabibu akataye kiungo ili mwili upone. Mfano huo hauko mbali na ule wa Zim. Lakini aliongeza mambo mawili ambayo Zim hana. Kwanza, aanzaye vita yumo makosani. Pili, askari ajuaye kwa hakika kwamba bwana wake anapigana bila haki asimfuate, kwa kuwa imempasa kumcha Mungu kuliko wanadamu.

Tazameni kwamba Assa aliuliza. Katika Luka 3 askari walimwendea Yohana Mbatizaji nao wakauliza wafanye nini. Migliaccio hakuulizwa neno, wala hakumwuliza Rico neno lolote. Alikuwa na ujasiri wote wa kushuka pamoja na kondoo wake, lakini katika dakika zake tano hakutamka lolote juu ya wale watakaokutwa chini.

Hitimisho

Haifai basi tumdharau kasisi wa Heinlein. Anatushinda wengi kwa kuwa alikwenda. Lakini kwenda pamoja na watu hakutoshi, iwapo mtumishi anakwenda akiwa amevaa dirii ile ile, akiona kwa tundu lile lile. Daudi alipovikwa mavazi ya vita ya Sauli aliyavua, akisema hajayazoea. Mtumishi wa Neno naye anaweza kuwa karibu na askari bila kuazima macho yake.

Katika sharika zetu wamo askari, wake zao na watoto wao. Wengine hutuomba baraka kabla ya safari. Tuwape, tena kwa lugha wanayoielewa, na ndani ya baraka hiyo tuwataje pia watu wa upande wa pili. Wakirudi, tusiwaulize habari za nishani. Tukae nao mpaka aliye na ukumbi wake aweze kuutaja, aseme kama milango ilitosha, na asikie msamaha ambao Rico hakupata mtu wa kumtangazia.