Kosa la Ajali Lipimwe, Lisikisiwe

Mwenye bima ndogo akigongwa, malipo ya gari lake hutegemea bima ya aliyemgonga. Kampuni hiyo ina njia nyepesi ya kupunguza mzigo: kuandika kwamba naye alichangia ajali. Barua ya namna hiyo hailikatai dai, inalimega. Akibebeshwa asilimia 30 ya kosa katika dai la shilingi milioni 10, milioni 3 zimekwenda. Wengi hujibu kwa kulalamika kuwa wameonewa, na malalamiko hayapimiki. Jibu lenye nguvu ni kuitaka kampuni ionyeshe ni alama gani ya barabarani inayobeba asilimia hizo.

Tuchukue mfano wa gari lililochomoka barabara ndogo na kukingama mbele ya gari lililo kwenye barabara kuu ya mjini, penye ukomo wa kilomita 50 kwa saa. Bima ya aliyechomoka inadai mwenzake alikuwa kwenye 80. Mchoro wa trafiki unaonyesha alama ya breki ya mita 14 hadi mahali pa mgongano, kwenye lami kavu. Kwa msuguano wa 0.7, unaokadiriwa kwa lami ya aina hiyo, breki za mita 14 zinatosha kusimamisha gari lililokuwa kwenye 50. Lakini lingekuwa kwenye 80, hesabu ileile inaonyesha kwamba lingegonga likiwa bado kwenye kilomita 62 kwa saa. Mwendo huo hukunja bodi hadi kwenye injini. Ikiwa picha zinaonyesha bampa iliyopasuka na taa moja tu, dai la 80 halisimami.

Kampuni inaweza kujibu kwamba msuguano ni makadirio, na huenda lami ilikuwa imelowa. Ni hoja ya haki, ila inaiumiza yenyewe: kwa msuguano wa 0.5, gari la 80 lingegonga likiwa kwenye 68, na uharibifu ungekuwa mkubwa zaidi. Hoja nzito zaidi ni kwamba magari yenye ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu kukwama, huenda yasiache alama. Hapo ushahidi hutafutwa kwingine: vioo vilipodondoka, kamera ya kituo cha mafuta, au kumbukumbu za VTS, mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi, kama basi la abiria limehusika.

Wapo wanaosema ripoti ya polisi imekwishamaliza ubishi. Ripoti ni ushahidi mzito, lakini maoni yaliyomo yanaweza kupimwa kwa vipimo vilivyomo humohumo. Hukumu ya mwisho ya jinai ni jambo jingine: Sheria ya Ushahidi ya Tanzania huichukulia kuwa uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa hilo. Kwa hiyo, anayekiri mahakamani ili alipe faini yaishe anaweza kuwa amelizika dai lake kwa mkono wake.

Sheria ya Bima ya mwaka 2009 imemweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili ya wasioridhika. Nenda kwake na mchoro, picha na hesabu. Kampuni nazo ziandike kwenye barua zao zilivyofikia kila asilimia. Asilimia isiyo na hesabu nyuma yake haistahili kukatwa kwenye haki ya mtu.