Bwana Mia Nne na Ishirini: Mwizi Apendwaye na Wale Walipao

Katika hadithi za watu wote yuko mwizi apendwaye. Sungura hula shamba la mwenziwe, nasi tukamcheka mwenye shamba. Abunuwasi humhadaa tajiri, nasi tukafurahi. Mhakiki hana budi kuuliza: mapenzi hayo hudumu mpaka wapi? Picha ya sinema ya Raj Kapoor, Shree 420, iliyotolewa Bara Hindi mwaka wa 1955, yajibu swali hili vizuri mpaka karibu na mwisho wake.

Jina lenyewe ni dhihaka. Shree ni neno la heshima, maana yake Bwana; 420 kilikuwa kifungu cha sheria ya jinai ya Bara Hindi ya mwaka wa 1860, iliyodumu mpaka mwaka wa 2024, kilichoadhibu udanganyifu wa mali. Sheria hiyo ilipata kutumika Tanganyika pia, mpaka ilipokuja Kanuni ya Adhabu ya mwaka wa 1930. Huyu, basi, ni Bwana Mlaghai.

Raj ni kijana msomi ajaye Bombay kwa miguu pamoja na nishani yake ya uaminifu. Dhiki yamlazimisha kuiweka rehani. Ampenda Vidya, mwalimu maskini. Walakini Maya, mwanamke wa anasa, agundua wepesi wa vidole vyake katika karata, na tajiri Sonachand amfanya chombo cha hila zake. Tangu hapo ana mavazi mazuri na kila mlango wamfungukia. Mwendo wake na ucheshi wake vimeazimwa kwa Charlie Chaplin, nao huvuka mipaka ya lugha: katika miaka ya 1950 picha za Raj Kapoor zilipendwa mno Unguja na Dar es Salaam na watazamaji ambao wengi wao hawakujua Kihindi.

Ustadi wa picha hii umo katika kubadili walipaji. Mwanzo wahadaiwao ni wacheza kamari wenye fedha, nasi twacheka bila haya. Kisha Sonachand abuni shauri jipya: kila maskini atoe rupia 100, aahidiwe nyumba. Wajao na akiba zao ni watu wa kando ya barabara, wale wale waliompokea Raj alipokuwa hana pa kulala, akiwamo mama muuza ndizi aliyemfanya mwanawe. Ulimi wa Raj ni ule ule na tabasamu ni lile lile. Kilichobadilika ni mfuko utoao fedha. Hapo kicheko chetu hukatika, tukajiuliza tulikuwa tukicheka nini tangu awali.

Naandika haya Chiungutwa, wilaya ya Masasi, nchi ya korosho. Huku twamjua mtu wa namna hiyo kwa biashara yake, nayo yaitwa kangomba. Huja wakati mkulima ana shida na mavuno hayajafika, mwenye maneno matamu na fedha mkononi, akanunua korosho kwa bei ya kutupa. Stakabadhi ghalani zilianzishwa mkoani Mtwara mwaka wa 2007 ili korosho ziuzwe kwa mnada kupitia vyama vya ushirika. Hata hivyo kangomba haikufa, kwa kuwa shida haingoji mnada. Mnunuzi huyo hachukiwi siku ajapo. Hukaribishwa na kushukuriwa. Huchukiwa msimu ukifika, mkulima anapohesabu kilichobaki. Picha hii yatuonyesha siku zote mbili, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Kasoro yake ni tamati. Raj atumia hila zile zile kumnasa Sonachand, kisha awahubiria maskini juu ya ujasiri, kazi na umoja. Mahubiri ni ya haki, lakini mhubiri ndiye aliyezikusanya fedha zao, na kitambo tu wamekwisha kumsamehe. Fedha zaokolewa, mpenzi arudi, njia yafunguka. Yamkini mchezo wa kuchekesha hauwezi kuisha vinginevyo. Walakini mkulima aliyeuza korosho zake kabla ya kuziokota hana wa kumrudishia, wala hana muda wa kusamehe upesi kiasi hicho.

Nawasihi wanafunzi waitazame picha hii, nao waangalie hasa nyuso za wale walioshika rupia mia. Kwa nyuso hizo wataweza kuwapima wezi wacheshi wengine wote, akiwamo Sungura wetu.