Husuda, Wivu na Hila katika Tanzia ya Othello

Kiswahili kina maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku aghalabu huchanganywa, nayo ni wivu na husuda. Wivu ni uchungu wa mtu anayehofu kunyang'anywa kilicho chake. Husuda ni uchungu wa mtu anayechukia kuona mwenzake amepata. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, Shaaban Robert aliwapa ndugu wawili waliomtupa Adili baharini majina ya Hasidi na Mwivu. Majina hayo ni dalili kwamba kwake neno moja halikutosha. Tofauti hiyo yafaa kukumbukwa katika kuisoma Othello, tanzia ya Shakespeare ambayo onyesho lake la kwanza linalojulikana lilifanyika Novemba 1, 1604, katika jumba la kifalme la Whitehall, London.

Tanzia hiyo husifiwa kuwa ni mchezo wa wivu. Sifa hiyo ni kweli kwa upande wa Othello peke yake. Othello ni jemadari mwenye asili ya Afrika katika utumishi wa dola ya Venisi, naye amemwoa Desdemona, binti wa mkubwa mmoja wa mji huo. Iago, mbeba bendera wake, amekosa cheo cha unaibu, na cheo hicho amepewa Cassio. Basi Iago anamtia Othello shaka kwamba mkewe ana mapenzi na Cassio, hata Othello anamwua mke asiye na kosa, kisha anajiua mwenyewe. Wivu ni wa Othello. Lakini chanzo cha msiba wote ni husuda ya Iago. Mchezo mzima waonyesha jinsi husuda ya mtu mmoja inavyogeuzwa kuwa wivu ndani ya moyo wa mwingine.

Wahakiki wa Kizungu wamehangaika sana kutafuta sababu ya uovu wa Iago. Katika hadithi ya Cinthio iliyotolewa mwaka 1565, ambamo Shakespeare alipata kisa chake, mbeba bendera anampenda Desdemona naye hakubaliwi. Shakespeare aliifanya sababu hiyo kuwa jambo la kupita tu, akaweka nyingine mbili: cheo kilichokwenda kwa Cassio, na uvumi kwamba Othello amemwingilia Emilia, mkewe Iago. Coleridge aliona kwamba sababu hizo hazilingani na uovu wenyewe, akahukumu kwamba Iago ana uovu unaojitafutia sababu. Kwa msomaji wa Kiswahili fumbo hilo si kubwa. Karibu na mwisho wa mchezo Iago mwenyewe anakiri kwamba uzuri wa maisha ya Cassio unamfanya yeye aonekane mbaya. Hayo ni maneno ya hasidi. Neema ya mwenzake yamtosha kuwa sababu, hata kama neema hiyo haikumpunguzia yeye chochote.

Ama hila yake, yastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ni hila ya lugha kuliko vitendo. Mwanzoni Iago hasemi uongo ulio wazi. Anauliza swali, anakatiza usemi, anarudia neno la mwisho la Othello kana kwamba lina jambo lililofichwa, kisha anamwonya ajihadhari na wivu. Othello anadhani ameyagundua mwenyewe mambo aliyowekewa. Tena Iago anamkumbusha kwamba yeye ni mgeni, asiyezijua desturi za wanawake wa Venisi. Kwa kauli hiyo anajifanya mkalimani wa mila za mkewe, na mtu aliyekubali mkalimani wa namna hiyo hawezi tena kuyasikia maneno ya mkewe kama alivyoyasema. Leso inayodondoshwa na Desdemona, ikaokotwa na Emilia na kutiwa na Iago katika chumba cha Cassio, inakuja baadaye, kuthibitisha shaka iliyokwisha kupandwa.

Hila hiyo haikamati uovu wa watu. Inakamata wema wao. Desdemona anamwombea Cassio msamaha kwa huruma, na huruma hiyo inakuwa ushahidi dhidi yake. Othello anamwamini askari mwenzake, na imani hiyo inamwua. Hapa Kiswahili kina nguvu ambayo Kiingereza cha leo kimeipoteza. Katika Kiingereza cha Shakespeare neno moja lilitumika kwa mtu msema kweli na kwa mwanamke asiyemwendea mumewe kinyume. Iago anaitwa kwa neno hilo mara nyingi, na neno hilo hilo ndilo ananyang'anywa Desdemona. Mfasiri wa Kiswahili analo neno mwaminifu, linaloshika maana zote mbili. Akimwita Iago mwaminifu mahali pamoja, na mahali pengine amwite mkweli au mtu mwema kwa ajili ya kupendezesha usemi, atakuwa ameuvunja mzani ambao mchezo umeuegemea.

Jambo la pili lapasa kuangaliwa. Mwanzoni mwa mchezo Othello mwenyewe anashtakiwa. Baba wa Desdemona anamleta mbele ya wakuu wa Venisi, akidai kwamba amemroga binti yake. Wakuu wanamsikia mshtaki, wanamsikia mshtakiwa, kisha wanamwita Desdemona atoe ushahidi wake, na Othello anatoka hana hatia. Haki hiyo aliyoipata yeye barazani anamnyima mkewe. Desdemona anahukumiwa kwa minong'ono. Cassio haitwi kujibu. Emilia anaulizwa, akamtetea bibi yake, asisadikiwe. Hapo ndipo hatia ya Othello ilipo, na husuda ya Iago haimwondolei. Hasidi alileta maneno, lakini kukataa kusikia upande wa pili kulikuwa ni kwake mwenyewe.

Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951, chatoa mfano wa kinyume. Majivuno anamshtaki Karama, lakini anamshtaki mbele ya mfalme na baraza. Karama anapewa siku sita za kujitetea, na mwishowe anaachiliwa. Mashtaka ya uongo yamesemwa kwa sauti, na kwa hiyo yaliweza kujibiwa.

Mfano wa tatu hautoki katika vitabu vya pwani. Unatoka Ufipa, katika uwanda wa juu wa Rukwa ambako zipo Sumbawanga na Pito, na ambako husimuliwa asili ya ufalme. Mtawala wa Milanzi alikuwa mawindoni walipofika wanawake wageni, na mkewe akawaachia kigoda cha mumewe. Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliichambua hadithi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1981. Hapa pia mume hayupo, mke anahadaiwa, na kitu kidogo cha nyumbani, kigoda badala ya leso, kinaamua mambo makubwa. Hata hivyo haimwagiki damu. Mume anarudi, anayakuta yaliyotendeka mbele ya macho yake, na pande mbili zinagawana: wageni wanashika utawala, Milanzi inabaki na mamlaka ya matambiko. Hasara ni kubwa, lakini si tanzia, kwa sababu hapana mnong'onezi aliyesimama kati ya mume na mke.

Basi wafasiri wana wajibu hapa. Neno moja laweza kuhamisha lawama ya mchezo mzima. Mwalimu Nyerere alipouita mchezo wa mfanyabiashara wa Venisi Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, jina hilo liliitoa lawama kwa Shylock peke yake, likaisambaza kwa tabaka zima. Katika Juliasi Kaizari, tafsiri aliyoitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, vilevile yumo hasidi. Cassius anamvuta Brutus kwa barua za uongo, na kinachomkamata Brutus ni heshima yake, wala si wivu. Atakayeifasiri Othello na kulitumia neno wivu kwa Iago na kwa Othello sawasawa, atawafanya watu hao wawili kuwa wagonjwa wa maradhi mamoja, na hadhira itatoka ikidhani imeonywa juu ya mapenzi tu. Husuda na ibaki kwa Iago, wivu kwa Othello, na uaminifu utumike kwa neno moja tangu mwanzo hata mwisho.